Binti Aliyeitika Naam

Neno likitamkwa mbele ya Shahidi, limetamkwa. Halifutwi kwa machozi wala kwa hoja. Hutimizwa, au hulipiwa na yule anayelikatiza.

Hapakuwa na mtu katika milima ya Umatengo asiyeijua amri hiyo. Watoto waliikariri kabla hawajajua kujumlisha, na walevi waliikumbuka hata walipokuwa wamesahau njia ya kurudi nyumbani. Shahidi alikuwa nguzo ya shaba yenye kimo cha mtu mzima, naye alisimama katika kila jengo la umma: shuleni, zahanati, mahakamani, na katika ghala la chama cha ushirika. Hakuwa na macho. Alikuwa na sauti ya upole isiyo ya kiume wala ya kike, na alizijua sauti za wakazi wote mmoja mmoja. Kabla hajaletwa, watu wa wilaya ile walikuwa wamechoshwa na hati za kughushi na viongozi waliokana leo waliyoyaahidi jana. Alipoletwa, uongo wa hadharani ulikwisha. Na pamoja nao yakatoweka mambo mengine madogo ambayo hakuna aliyefikiri kuyatetea, kama vile mzaha. Gerold Nchimbi, akiwa amesimama ghalani, aliwahi kumwambia jirani yake, "Mbuzi huyu mchukue tu, mimi kanishinda!" Kengele ikalia ndani ya nguzo. Mbuzi akahamia kwa jirani.

Osmund Hyera hakucheka siku ile kama wenziwe. Aliipenda amri ya Shahidi, kwa kuwa ilifanana naye. Kazi yake ilikuwa kuonja kahawa ya ushirika. Alikivuta kijiko kwa sauti, akaizungusha kahawa mdomoni, akaitema, kisha akatamka daraja lake mbele ya nguzo. Na daraja alilolitamka ndilo lililokwenda na gunia hadi ng'ambo. Katika miaka yote ya kazi hiyo hakuwahi kusema "labda".

Nyumbani alikuwa na binti mmoja, Kandida, mwenye umri wa miaka tisa. Mama wa mtoto huyo, Liboria, alifukiwa na mlima ulioporomoka wakati wa masika, mtoto akiwa bado ananyonya. Tangu hapo Osmund alimlea peke yake. Alimfunga vitenge, alimsuka nywele vibaya mpaka akajifunza kuzisuka vizuri, na kwa muda wote huo hakuna sauti nyingine iliyotawala ndani ya nyumba ile isipokuwa yake.

"Kandida!" aliita Editha asubuhi moja, akiingia bila kubisha hodi, na sahani ya maharage mkononi. Alikuwa mdogo wake marehemu Liboria, na nyumba yake ilikuwa chini tu ya bonde, upande wa pili wa makorongo.

"Naam!" mtoto akaitika kutoka uani.

Editha aliiweka sahani mezani kwa kishindo. "Shemeji, huyu mtoto umemlea kambini? Mtoto wa kike huitika 'abee'. Yeye naam, naam, kama mjumbe wa nyumba kumi!"

"Anaitika," Osmund akasema. "Wako wapo wanaoitwa mpaka koo likauke."

"Wangu ni wakaidi, lakini wanajua wao ni nani."

"Basi angemwiga nani? Humu ndani nikiitwa naitika mimi, naye hunisikia mimi."

Editha alitaka kujibu, lakini mtoto alikuwa ameshaingia, na hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye sikio. Kila nyumba ya milimani ilikuwa na sikio: kisanduku kidogo ukutani, kilichounganishwa na sindano za chuma zilizochomekwa ardhini kote milimani. Kilivuma mchana kutwa. Kwa watu wote ule ulikuwa mvumo tu, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mitambo ya wilayani iliupokea mvumo huohuo, ikaupima, na baada ya siku nzima ikatangaza ni mlima gani ulio salama na ni upi unaotaka kuporomoka. Mara nyingi siku nzima ilikuwa ni kuchelewa.

Kandida aliegemeza shavu ukutani. "Kwa akina Turuka udongo unateleza chini kwa chini," alisema. "Jana ulikuwa unanong'ona. Leo umeanza kutafuna."

"Utafika lini juu?" baba yake akauliza.

"Kabla ya chakula cha mchana."

Osmund alivua aproni ya kazi aliyokwisha kuivaa, akashuka mbio kwenda kwa akina Turuka. Walitoa watoto, kitanda na mashine ya kushonea. Jua lilipokuwa utosini ukingo wote wenye mashimo ya ngoro, yale mashimo ya kulimia ambayo mababu waliyachimba ili yazuie maji, ulilala chini kama mkeka uliokunjuliwa, na jiko la akina Turuka likawa chini yake. Hakufa mtu. Mitambo ya wilayani ilitangaza hatari kesho yake.

Habari kama hizo hazikai milimani. Wiki haikuisha kabla Chuo cha Vipawa hakijamtuma mjumbe wake.

*

Mjumbe huyo alikuwa mama wa makamo aitwaye Skolastika Kapinga, mwenyeji wa milima hiyohiyo, aliyesoma mbali akarudi. Aliwapokea Osmund na binti yake katika ofisi ya mwalimu mkuu, mbele ya nguzo ya Shahidi, na kabla ya yote akamwomba Kandida akacheze nje na wenzake.

"Mzee Hyera," alianza, "sitakuficha kitu. Chuo kina taji. Mtoto mwenye kipawa hulivaa akilala, na mashine hujifunza kutoka kwake kile asichoweza kukieleza kwa maneno. Kwa mtoto kama wako inaweza kuchukua miaka saba. Mwishoni, masikio yote ya milimani yatasikia kama anavyosikia yeye, papo hapo, usiku na mchana, hapa na Upare na Uluguru na kwingineko."

"Na yeye?"

Mama Kapinga aliitazama mikono yake. "Yeye anarudi nyumbani mzima. Anakula, anacheka, anasoma. Lakini alichokitoa hakibaki kwake. Tulikuwa na kijana aliyetoa muziki. Siku hizi akisikia wimbo anasema ni kelele zilizopangwa. Hana huzuni, Mzee. Anajua tu kwamba kulikuwa na kitu."

Osmund akasema, "Mimi sikubali."

"Nisingekulaumu. Ila hilo si lako kulisema, nawe unajua kwa nini."

Alijua. Sheria ya vipawa ilitungwa na watu waliowaona wazazi wakiwauza watoto wao wenye akili, na wengine wakiwaficha. Kwa hiyo iliamuru kwamba mtoto mwenye kipawa asiwe mikononi mwa mtu mmoja. Mwenye wazazi wawili alisemewa na wote wawili kwa pamoja. Mwenye mzazi mmoja alijisemea mwenyewe.

"Basi aulizwe," Osmund akasema. "Aelezwe kama ulivyonieleza mimi, na umpe muda."

"Ndivyo nilivyokusudia." Mama Kapinga akaigeukia nguzo. "Shahidi, pokea hoja. Je, Kandida, binti wa Osmund Hyera, anaridhia kukitoa kipawa chake kwa Chuo?"

"Hoja imepokelewa," nguzo ikajibu. "Inasubiri neno la mwenyewe."

Mlango ukafunguliwa. Mtoto aliingia akihema, na vumbi la uwanjani magotini. Mama Kapinga alikuwa ameshainuka kumpisha kiti, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayejiandaa kueleza jambo zito kwa maneno mepesi. Lakini Shahidi, kama ilivyokuwa kawaida yake kwa kila anayeingia shaurini, alitaka kwanza kujua ni nani aliyesimama mbele yake.

"Kandida binti Osmund," akaita.

Mtoto alisimama wima, mikono ubavuni, kama alivyofundishwa.

"Naam," akaitika.

Kengele ikalia.

"Neno limepokelewa," nguzo ikasema. "Ameridhia."

*

"Alikuwa anaitika!" Osmund hakukumbuka kwamba alipiga meza, aliona tu wino umemwagika. "Umemwita, ameitika! Mtoto ameitwa jina lake!"

Mama Kapinga alikuwa amebadilika rangi. Alimwomba Shahidi aeleze, na Shahidi akaeleza kwa sauti ileile ya upole. Wazee waliomfundisha lugha walimfundisha vyema. Mwanamume akiitwa husema "naam", na hiyo ni itiko. Kukubali kwake hutakiwa kwa neno la pili. Mwanamke akiitwa husema "abee". Kwa hiyo "naam" kinywani mwa mwanamke haiwezi kuwa itiko. Ni kauli ya kukubali. Kandida ni mwanamke. Hoja ilikuwa wazi, na jibu likatolewa.

"Anajua Kiswahili kuliko sisi," Mama Kapinga akasema kwa uchungu. "Asichokijua ni nyumba zetu tu."

"Mwambie amekosea."

"Nitawaandikia wanaomfundisha, Mzee Hyera, na sheria itarekebishwa kwa ajili ya mabinti watakaokuja. Haitarudi nyuma. Wewe mwenyewe ungekuwa wa kwanza kulalamika kama neno la mtu mwingine lingefutwa kwa sababu ya huruma."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimkata.

"Nani aweza kulikatiza?"

"Aliyemlea. Naye hulipa." Hakuhitaji kuendelea, lakini aliendelea, maana alikuwa mtu wa haki. "Shahidi ataisahau sauti yako mpaka mtoto awe mtu mzima. Hutauza, hutanunua kwa mkataba, hutatoa ushahidi, hutapiga kura. Milango ya umma, inayofunguka kwa sauti, haitakufungukia. Na kuhusu kahawa..."

"Najua kuhusu kahawa."

"Akiwa mtu mzima ataulizwa upya, kwa maneno kamili. Una mpaka Jumamosi." Akasita, kisha akashusha sauti. "Niruhusu swali moja, na unijibu ukipenda. Mkeo alikufa kwa kuwa hakuna aliyeusikia mlima. Mtoto huyu anausikia mlima mmoja, akiwa macho, akiwa mzima. Akipata homa, nani atasikia? Unamlinda yeye, Mzee, au unajilinda wewe usibaki peke yako?"

Osmund alimshika mtoto mkono wakatoka. Hakuwa na desturi ya kutamka asilolijua.

*

Editha hakungoja kuambiwa. Alimkuta Osmund shambani alasiri ya siku ya pili, akipalilia maharage kwenye kingo za ngoro, naye Kandida akiokota magugu nyuma yake.

"Shemeji, nasikia unataka kulikatiza."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini nakujua ukinuna." Alisimama na mikono kiunoni. "Nyumba yangu iko kule chini. Iangalie. Watoto wangu wanne wanalala chini ya udongo uleule uliomla dada yangu. Leo Mungu ametuletea dawa, tena kutoka tumboni mwa Liboria mwenyewe, nawe unataka kuifungia kabatini!"

"Hamieni kwangu."

"Na akina Turuka? Na akina Nchimbi? Na wale wa Uluguru nao wahamie kwako? Utawatandikia wapi?" Sauti yake ilipasuka. "Mtoto atarudi mzima. Wamesema atarudi mzima!"

"Wamesema atarudi bila kitu kile."

"Mimi ninaishi bila kitu kile! Wewe pia! Tumekufa?"

Aliondoka akijifuta uso kwa ncha ya khanga, bila kuaga. Osmund aliendelea kupalilia mpaka jembe likagonga jiwe. Kandida alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia ndani yake.

"Baba, mimi nilisema nini kule shuleni?"

"Ulisema naam."

"Si nilikuwa naitika?"

"Ulikuwa unaitika. Uliitika kama mimi." Aliweka jembe chini, akaketi kando yake. Akamweleza yote: taji, miaka, kijana wa muziki, nguzo, malipo. Hakumpunguzia chochote, maana aliona kumdanganya mtoto kwa wema ni kumdanganya vilevile.

Kandida alisikiliza akichezea shina la maharage. "Nikiwapa, nitakuwa bado nausikia mlima?"

"Hapana."

"Nitasikia nini?"

"Nisikiacho mimi. Mvumo."

"Mvumo tu? Kutwa?" Alimtazama baba yake kwa huruma ya kweli, kama mtu aliyegundua leo kwamba mwenzake ni kipofu. "Na nisipowapa, mama mdogo anaweza kufukiwa?"

Osmund alitamani kusema hapana. "Inawezekana," akasema.

"Basi nawapa."

Alilisema upesi, na upesi huo ndio uliomtisha baba yake. Ndege wawili walitua kwenye mti wa kahawa, wakaondoka.

"Baba, nikishatoa, halafu nikakitaka, watanirudishia?"

"Hapana."

"Basi siwapi." Kisha uso wake ukakunjamana. "Lakini mama mdogo... Sijui, baba. Sijui! Mbona mnaniuliza mimi? Kwa nini mimi ndiye nijue?"

Akalia kama watoto wa miaka tisa wanavyolia, kwa mwili wote, na kamasi. Osmund alimvuta akamlaza kifuani. Hapo ndipo alipolipata jibu la swali la Mama Kapinga, nalo halikuwa jibu la kumpendeza. Alimlinda mtoto, na alijilinda yeye mwenyewe. Yote mawili, na hakuweza kuyatenganisha kama anavyotenganisha kahawa mbivu na iliyoungua. Lakini lilikuwapo la tatu, ambalo halikutegemea usafi wa moyo wake. Watu wazima walikuwa wametunga sheria ya kumheshimu mtoto, na ndani ya sheria hiyo wakaficha mzigo wao wenyewe, wakamtwika. Nani afe na nani aishi milimani: swali hilo lilikuwa la wakubwa. Anayeweza kusema "nawapa" na "siwapi" kwa pumzi moja hajatoa wala hajanyima. Anatakiwa kungojewa.

Na kungoja kuna gharama. Huenda wengine watailipa kwa maisha yao, na yeye atakuwa mmoja wa waliosababisha. Alilitazama jambo hilo uso kwa uso, hakuligeuzia kisogo.

"Nyamaza," alimwambia. "Hupaswi kujua. Kazi ya kujua ni yangu, mpaka utakapokua."

*

Jumamosi ofisi ya mwalimu mkuu ilijaa. Akina Turuka walikuja, na Gerold Nchimbi, na wanachama wa ushirika ambao Osmund aliwahi kuzikataa kahawa zao. Wengine walimtazama kwa heshima, wengine kama mtu anayekuja kuwaibia. Kandida alisimama karibu naye. Aliagizwa asifungue kinywa kwa lolote, hata akiitwa.

"Nani analikatiza neno?" Shahidi akauliza.

"Mimi, Osmund Hyera, niliyemlea."

"Kwa sababu gani?"

"Mtoto aliitika kama alivyonisikia mimi nikiitika. Hakukubali. Na baada ya kuelezwa, hajui. Na asiyejua hadaiwi."

"Sababu imesikiwa. Sababu haipunguzi malipo."

"Sikuomba ipunguzwe."

Minong'ono ikaenea. Mama Kapinga aliinua mkono kuituliza, kisha akauliza kama sheria ilivyomtaka. "Mtu aliyesahauliwa na Shahidi lazima awe na msemaji wa nyumba yake, atakayesema mahali pake sokoni, shuleni na hospitalini. Bila msemaji, mtoto huhamishiwa kwa walezi wengine. Nani atamsemea Osmund Hyera?"

Osmund hakuwa amelijua sharti hilo. Aliwatazama watu wale, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akapata kitu cha kutazama sakafuni. Kuwa msemaji wake ilikuwa ni kuwa upande wake, na mvua za masika zilikuwa zinakuja.

"Mimi."

Sauti ilitoka mlangoni. Editha alikuwa amesimama pale, viatu vimejaa tope, kwa kuwa alikuja mbio kutoka bondeni.

"Unajua unachosema, mama?" Mama Kapinga akamwuliza.

"Nasema mbele ya Shahidi, nitakosaje kujua?" Alipenya katikati ya watu mpaka mbele, akasimama kando ya shemeji yake bila kumtazama. "Mimi Editha Ndunguru nitamsemea."

Kengele ikalia. Osmund akafungua kinywa.

"Usinishukuru," Editha akamkatiza akiwa ameuma meno. "Nimekasirika bado. Udongo ukiniangukia, nitakuja kukusumbua usingizini. Lakini huyu ni damu ya dada yangu, haendi kulelewa na watu wasiojua hata anakula nini. Na sisi tunahamia kwako kesho, wote, na mbuzi pia. Umeniita mwenyewe."

"Nimekuita mwenyewe," Osmund akasema.

"Osmund Hyera," Shahidi akaita, "tamka jina lako kwa mara ya mwisho."

Alivua kofia. Alilitamka jina lake lote, la ubatizo, la baba yake na la ukoo, polepole, kama alivyozoea kutamka daraja la kahawa iliyomridhisha. Ndani ya nguzo kitu kikavuma, kikapanda, kikashuka. Kisha pakawa kimya.

"Sasa litamke tena," Mama Kapinga akasema. Alikuwa amevua miwani. "Ni utaratibu tu, Mzee."

"Osmund Hyera," akasema.

Walimsikia wote waliokuwamo. Kandida alimsikia, akamkamata kidole.

"Hakuna aliyesema," nguzo ikajibu.

Mama Kapinga aliinama kidogo, kama watu wanavyoinama kanisani mbele ya jambo lililotimia. "Limelipiwa," akatangaza. "Mtoto hadaiwi."

Watu walianza kutoka. Osmund alivaa kofia yake, akaufikia mlango uliokuwa umejifunga tena nyuma ya waliotangulia, akasema "Fungua," akasimama akingoja. Mlango haukutikisika. Nyuma yake foleni ikasimama, na hakuna aliyejua aangalie wapi.

"Sogea, shemeji," Editha akasema, akimpita kwa bega. "Fungua!"

Ukafunguka, wakatoka watatu.